Mali ya Mjerumani na Ndege za Rufiji

Ni nadra kumpata mzee wa bara asiyepajua mahali palipofukiwa "mali ya Mjerumani". Pengine ni chini ya mbuyu ulio karibu na boma la kale. Pengine ni penye jiwe lililochongwa mshale. Pengine ni katika kaburi lisilo na maiti. Yasemekana Mjerumani alipofukuzwa na Mwingereza aliiacha dhahabu yake ardhini, akaweka na alama ili wajukuu wake warudi kuichukua. Kwa sababu ya hadithi hiyo watu wazima wamekesha wakichimba, na wengine wametoa akiba ya watoto wao kumpa tapeli mwenye ramani.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Dhahabu ilikuwapo kweli. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora, zenye picha ya tembo. Zilitengenezwa zipatazo 16,000. Lakini zilipigwa ili zitumike, nazo zikatumika. Anayetaka kuijua mali hasa iliyopotea katika vita vile na aache mbuyu, aelekee Rufiji.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, ilipokuwa imetia nanga kutengenezwa mitambo. Baada ya hapo Königsberg yenyewe ikaharibika mitambo, ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, ndani kabisa ya mikoko. Vyombo vyake vibovu vilisafirishwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Meli kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia katika maji yale machache, wala kutoka baharini hawakuweza kuiona shabaha yao. Ndipo walipoagiza ndege.

Ndege zenyewe zilikuwa vijiti na vitambaa vilivyofungwa kwa nyaya. Ya kwanza ililetwa na rubani wa kiraia aliyeitwa Cutler, kutoka Durban, ikawekwa katika kisiwa cha Niororo karibu na Mafia. Rejeta yake ilipoharibika, meli ilitumwa Mombasa kutafuta nyingine, ikarudi na rejeta ya gari la Ford! Kwa rejeta hiyo ya gari Cutler akaruka, akaiona Königsberg mafichoni. Mwezi Desemba 1914 injini ilimzimikia, akashuka mtoni na kutekwa.

Ndege zilizofuata, za Sopwith, zilishindwa na joto letu. Gundi iliyeyuka, mbao za pangaboi zikabanduka, na injini zikakosa nguvu ya kuziinua kutoka majini. Aina nyingine, Short, ziliruka kwa taabu na kupiga picha mwezi Aprili 1915. Mwishowe ulifyekwa uwanja katika kisiwa cha Mafia, zikaletwa ndege za magurudumu.

Tarehe 6 Julai 1915 manowari mbili za maji machache, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kupigana kutwa bila kumaliza kazi. Zikarudi tarehe 11. Juu yao waliruka Cull, rubani, na Arnold, aliyekuwa akiwaelekeza wapiga mizinga kwa simu ya upepo. Ndege yao ikapigwa. Ilipokuwa ikianguka, Arnold aliendelea kugonga ishara za kurekebisha shabaha, hata ndege ikapiga maji na kupinduka. Wote wawili waliokolewa. Muda si muda Königsberg ikawaka, na nahodha wake, Looff, akaamuru ilipuliwe.

Wapenda hadithi hukomea hapo, kana kwamba mali imekwisha zama. Haikuzama. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu na kusambazwa nchini. Mmoja ulilipuliwa na Wajerumani wenyewe huko Kahe mwezi Machi 1916. Mwingine ulifikishwa Kigoma, ukafungwa katika meli Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo iliyoikaribia zaidi hadithi ya wazee wetu: Wajerumani walipoizamisha mwezi Julai 1916, waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakitumaini kuja kuifufua. Walioifaidi grisi ile ni Waingereza. Waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Mizinga iliyosalia ilizungushwa katika mapori, na palipokosekana reli ilikokotwa kwa kamba na mamia ya watu. Mwandishi huyu huona ajabu kwamba jina la kila rubani aliyeanguka Rufiji limehifadhiwa, hata habari za rejeta ya Ford zimehifadhiwa, lakini waliovuta kamba hizo hawana orodha kamili popote. Kwa upande wa Waingereza, hesabu zao wenyewe zinakiri kwamba wapagazi wa Afrika Mashariki zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kikosi chao kiliitwa "Carrier Corps", na jina hilo ndilo lililozaa Kariakoo, ya Dar es Salaam na ya Nairobi. Bila shaka makaburi yao yapo kando ya njia zile zile ambako leo watu huchimba usiku wakitafuta sarafu za tembo.

Mabaki ya Königsberg yalionekana juu ya maji kwa miaka mingi; wanunuzi wa vyuma chakavu waliyakatakata, na yaliyobaki yakamezwa na matope ya Rufiji. Mmoja wa mizinga yake umewekwa Pretoria. Mwingine upo Mombasa, katika Ngome ya Yesu, nao umewekwa pamoja na mzinga wa Pegasus, ile manowari iliyozamishwa Unguja.