Je, Wajua? Kibali Kina Gharama Kubwa Kuliko Ushuru

Je, wajua kwamba mtu anaweza kupanua kiwanda ambacho nusu ya mitambo yake imelala? Nchini India, miaka ya 1960, vibali vya kuagiza malighafi kutoka nje viligawiwa viwanda kwa kuangalia uwezo wa mitambo. Mwenye mitambo mingi alipata mgao mkubwa, basi ikalipa kununua mingine hata kama haina kazi. Anne Krueger, profesa wa uchumi wa Marekani, aliyaandika hayo mwaka 1974 katika jarida la American Economic Review. Alitaja pia wafanyabiashara wanaoweka kampuni zao mji mkuu, na wanaowaajiri ndugu za maofisa.

Kwamba kibali huadimisha bidhaa na kupandisha bei, wachumi walishajua. Krueger akaonyesha hasara nyingine isiyoingia kwenye daftari lolote: muda, mitaji na akili za watu kuteketea katika kukimbilia karatasi, na sokoni hakijaongezeka kitu. Ushuru angalau huingia hazina. Alikadiria kwamba faida iliyogombewa kwa njia hiyo India mwaka 1964 ilifikia asilimia 7.3 ya pato la taifa. Uturuki mwaka 1968, vibali vya kuagiza peke yake vilifikia kama asilimia 15.

Watanzania waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji hesabu hizo. Wanakumbuka foleni za sabuni, na jinsi kumjua mtu kulivyokuwa mtaji. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi, na madukani vitu vikaanza kuonekana tena.

Je, wajua kwamba Krueger hakuwa wa kwanza kuiona hasara hiyo ya kukimbilia vibali? Mchumi Gordon Tullock alikwisha kulichapisha wazo hilo mwaka 1967, tena katika jarida dogo, baada ya makubwa kumkatalia.

Mwaka 1982 Krueger akawa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Ilikuwa miaka ambayo mikopo ilikuja na masharti ya marekebisho ya uchumi, na Afrika wapo wasiomkumbuka kwa wema. Hawakosi sababu. Mwaka 2004 alilishika kwa muda Shirika la Fedha la Kimataifa, alikokuwa naibu, bosi wake, Horst Köhler, alipoondoka kwenda kuwa rais wa Ujerumani.

Je, wajua kwamba mtetezi huyu wa soko huria ndiye aliyependekeza, mwishoni mwa 2001, nchi zilizolemewa na madeni ziwe na utaratibu wa kisheria kama ule wa kampuni iliyofilisika? Marekani haikuuunga mkono. La ajabu zaidi, Mexico na Brazil, wakopaji wakubwa, nao waliukataa kwa hofu kwamba wakopeshaji wangepandisha riba. Mwaka 2003 ukawekwa kando.