Mficha Maradhi Kifo Humuumbua

Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii kwa kawaida huambiwa mtu mmoja, lakini huko Japani ilitimia juu ya kiwanda kizima, mji mzima na bahari nzima. Mji huo ni Minamata, ulioko katika kisiwa cha Kyushu, kando ya Bahari ya Shiranui. Kila mfanyakazi anayetamani kuona viwanda vikienea nchini mwake yampasa kuijua habari hii.

Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilijengwa Minamata mwaka 1908. Watu wakapata kazi, mji ukakua, na wenyeji wakakiona kiwanda kuwa ndicho baba wa mji. Tangu mwaka 1932 kiwanda kilitengeneza dawa iitwayo asetaldehaidi, ambayo kuitengeneza kwake kulihitaji zebaki. Maji machafu ya kazi hiyo yalimwagwa ghubani, na ghubani ndimo wavuvi walimotega nyavu zao.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 dalili zilianza kuonekana. Samaki walielea juu ya maji, ndege walianguka kutoka angani, na paka walitetemeka na kuzunguka kama wenye wazimu hata wakafa. Paka hao walikula samaki wale wale walioliwa na wenye nyumba. Mwezi wa Aprili 1956 mtoto wa kike wa miaka mitano aliletwa katika hospitali ya kiwanda, hawezi kutembea sawasawa wala kusema sawasawa. Siku chache baadaye akaletwa mdogo wake. Tarehe 1 Mei 1956 mkuu wa hospitali hiyo, Daktari Hosokawa Hajime, aliiarifu idara ya afya kwamba umezuka ugonjwa usiojulikana.

Hapo kazi ya wataalamu ikaanza. Watu wengi walidhani kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza, na wagonjwa wakatengwa na majirani zao. Lakini kabla ya mwaka 1956 kwisha, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema kwamba yaelekea ni sumu ya madini, nayo huingia mwilini kwa kula samaki na chaza wa ghuba ile. Mwezi wa Julai 1959 waliitaja sumu yenyewe kuwa ni aina ya zebaki ishambuliayo ubongo na mishipa ya fahamu.

Tuelewe vema jinsi sumu hii inavyotenda kazi. Haipotei kwa kumwagwa katika maji mengi. Vijimea vidogo vya baharini huipokea, vikaliwa na wadudu wa majini, nao wakaliwa na samaki wadogo, na samaki wadogo wakaliwa na wakubwa. Kila hatua sumu huzidi kujilimbikiza, hata samaki mmoja akabeba mwilini sumu iliyo kali mara maelfu kuliko ile ya maji anamoogelea. Kwa hiyo bahari yaweza kung'aa kama kioo, na chakula chake kikawa kifo. Tena sumu hii haimhurumii hata aliye tumboni. Daktari Harada Masazumi aliwachunguza watoto waliozaliwa wakiwa wagonjwa ilhali mama zao walionekana wazima, na mwaka 1962 ikakubaliwa kwamba sumu iliwafikia kabla hawajazaliwa.

Je, kiwanda kilifanya nini? Mwezi wa Oktoba 1959 Daktari Hosokawa alikuwa akimlisha paka, aliyeitwa nambari 400, chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Paka akashikwa na ugonjwa ule ule. Ukweli ulikuwa umepatikana ndani ya ua wa kiwanda, lakini ulifichwa. Desemba ya mwaka huo huo kampuni iliwapa wagonjwa fedha ndogo iliyoitwa ya pole, kwa mkataba kwamba hawatadai zaidi hata ikithibitika kuwa kiwanda ndicho chanzo. Kukafunguliwa pia kwa shangwe mtambo wa kusafisha maji, nao haukuwa umeundwa kuiondoa sumu ile. Umwagaji uliendelea hadi Mei 1968. Katika muda huo, mwaka 1965, ugonjwa huo huo ulizuka Niigata, kwenye Mto Agano, kwa sababu ya kiwanda kingine. Hayo ndiyo malipo ya kuficha.

Na hapa pana neno kwa wafanyakazi hasa. Mwezi wa Agosti 1968 chama cha wafanyakazi wa Chisso kilitangaza hadharani kuwa kinaona haya, kwa kuwa hadi siku hiyo hakikuwapigania wagonjwa. Baadaye wanachama wake walisimama mahakamani kuwatetea wavuvi. Daktari Hosokawa naye, akiwa kitandani mwaka 1970, alitoa ushahidi juu ya yule paka, na mwaka huo huo akafariki. Mwezi wa Machi 1973 mahakama iliamua kwamba kampuni ilikosa, na mkataba wa 1959 ukatanguliwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Matope ya sumu yalichimbwa na kufukiwa hadi mwaka 1990, yakafunika hektari 58 za ghuba ile. Nyavu zilizowekwa kuwazuia samaki wasitoke ziliondolewa mwaka 1997. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi walizidi 2,000, na wengine wengi wamebaki wakidai haki yao.

Mwaka 2013 mataifa yalitia sahihi mkataba wa kuzuia zebaki, nao ukapewa jina la Minamata. Jambo hili si la ng'ambo tu, kwani hapa petu wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na mvua huipeleka mitoni.

Viwanda tunavitaka, na kazi tunaitaka. Lakini mtaalamu apewe ruhusa ya kusema alichokiona, na mfanyakazi asimamaye karibu na bomba la maji machafu asingoje miaka kumi na miwili ndipo aone haya. Mvuvi aliye upande wa pili wa bomba hilo ni ndugu yake.