Maadui Wadogo wa Mti wa Biichi

Gome la mti wa biichi ni jembamba, la kijivu, tena nyororo hata mti unapotimiza miaka mia mbili. Miti mingi ya misitu ya baridi huzeeka ikiwa na magome mazito yenye mipasuko, lakini biichi haina kinga hiyo. Kwa sababu ya ulaini huo, vizazi vya vijana wa Ulaya na Marekani vimechonga majina yao juu yake. Na hapo hapo ndipo anapoingilia adui wake wa kwanza.

Adui huyo ni mdudu gamba, Cryptococcus fagisuga. Hafikii urefu wa milimita moja, hana mabawa, na wote ni majike wanaotaga bila kuhitaji dume. Akishatoboa gome na kuanza kufyonza utomvu, hujifunika kwa nta nyeupe. Mti ulioshambuliwa sana huonekana kama umepakwa chokaa. Watoto wake hupeperushwa na upepo kutoka shina hadi shina. Mdudu huyu alitoka Ulaya na kufika Halifax, Kanada, karibu na mwaka 1890, kisha akaenea katika misitu ya mashariki mwa Marekani.

Peke yake, mdudu hudhoofisha tu. Muuaji ni kuvu za jenasi ya Neonectria, ambazo hupenya kwenye vijeraha alivyoviacha, zikaozesha gome kipande kwa kipande. Vidonda vikilizunguka shina, chakula kinachotoka majanini hakifiki tena mizizini. Wakati mwingine upepo hulivunja shina katikati huku matawi yakiwa bado na majani.

Hasara haiishii hapo. Mizizi ya biichi inayokufa huchipua vichaka vya miche iliyosongamana, yenye udhaifu ule ule wa mti mama. Vichaka hivyo huzuia mwanga, na miche ya miti mingine hushindwa kukua chini yake.

Kisha, mwaka 2012, maofisa wa hifadhi katika Kaunti ya Lake, jimbo la Ohio, waliona majani ya biichi yenye mistari myeusi kati ya mishipa. Baadhi yalikuwa yamekunjamana na kuwa magumu kama ngozi. Ilichukua miaka kumjua mhusika: mnyoo asiyeonekana kwa macho, Litylenchus crenatae mccannii, ambaye jamaa yake wa karibu alielezwa na wanasayansi nchini Japani mwaka 2019. Mkulima wa nyanya wa Afrika Mashariki anawafahamu minyoo wanaofunga mafundo kwenye mizizi, lakini huyu haishi udongoni. Hupitisha majira ya baridi ndani ya machipukizi yaliyofunga, kwa hiyo jani hufunguka likiwa limekwisha kuharibika. Miti michanga inaweza kufa katika miaka michache tu.

Wanaoumia ni pamoja na dubu. Kaskazini mwa Marekani, ambako miti mingine ya njugu ni michache, njugu za biichi ndizo zinazomnenepesha dubu mweusi kabla ya baridi. Katika jimbo la Maine, watafiti wameona kwamba uzazi wa dubu hupanda na kushuka kufuatana na mavuno ya njugu hizo.

Hata hivyo, takriban biichi mmoja kati ya mia wa Marekani humkataa mdudu gamba kabisa. Jennifer Koch, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani huko Delaware, Ohio, amefanya kazi ya kuitafuta miti hiyo, kuijaribu kwa kuwekea magome yake mayai ya wadudu, na kuizalisha. Kuukata mti wa biichi wenye gome safi katikati ya msitu mgonjwa ni kuitupa mbegu ya kesho. Ukinzani huo, kwa bahati mbaya, hauuhakikishii mti usalama dhidi ya mnyoo wa majani. Dawa zipo za kunyunyizia mti mmoja mmoja wa bustanini, lakini msitu mzima haunyunyiziki.

Wasomaji wetu mlioko Ohio, Maine na majimbo jirani mnaweza kusaidia. Msihamishe miche wala kuni za biichi kutoka eneo moja hadi jingine. Na mkiinua macho mkaona majani yenye mistari myeusi yakipenywa na mwanga, yapigeni picha na kuipeleka katika ofisi ya misitu ya jimbo lenu.