Je, Wajua? Akhera ya Hayawani

Je, wajua kwamba kaskazini-mashariki ya Gisenyi, nchini Rwanda, baina ya milima Karisimbi na Bisoke, Mmarekani Dian Fossey, mtafiti wa gorila, alizikwa mwaka 1985, kwa ibada ya Kikristo, katika makaburi yaleyale aliyowazikia gorila wake, kila mmoja na kibao cha mti chenye jina lake, ubavuni mwa gorila Digit aliyeuawa na majangili mwaka 1977? Lakini je, hayawani wana akhera? Thomas Aquinas alifundisha kwamba nafsi ya hayawani hufa pamoja na mwili. Bali John Wesley, ambaye moyo wangu waelemea kwake, alihubiri mwaka 1781 kwamba nao watakombolewa. Papa Fransisko naye, katika waraka wa Laudato Si’ wa 2015, aliwapa viumbe wote nafasi katika uzima wa milele.