Afungua friji apoze chumba, ajikuta tanurini!

Kuna mshikaji wangu mmoja, kijana wa mjini haswa. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, naye akafungasha mabegi, akapanga chumba na sebule Chamwino. Bati juu, dari hakuna. Novemba ikaingia, nyuzi joto zikapita 30. Siku moja saa nane mchana akaona isiwe tabu: akafungua mlango wa friji, akavuta kiti mbele yake, akakaa kifua wazi kama bwana harusi.

Dakika za mwanzo raha mustarehe. Baada ya saa moja jasho linamtiririka kuliko mwanzo, na Luku inalia.

Unacheka? Haya, mweleze basi kwa nini. Elimu inayomsuta inaitwa themodinamiki. Jina zito, lakini mambo yake ni ya jikoni. Mwaka 1850 Mjerumani Rudolf Clausius aliandika jambo ambalo kila mama ntilie analijua: joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na halirudi kinyumenyume mpaka lisukumwe. Friji ndiyo msukumaji. Inachota joto la ndani na kulitema mgongoni. Pitisha mkono nyuma yake uone. Umeme unaosukuma nao unaishia kuwa joto humohumo chumbani. Mlango ukiwa wazi, jamaa anarudishiwa joto lake lilelile pamoja na nyongeza.

Kiyoyozi kina nafuu kwa kuwa mgongo wake uko nje. Lakini kikila uniti moja ya umeme kutoa ndani uniti tatu za joto, nje kinatema nne. Jirani atajijua! Na umeme wenyewe haushuki mbinguni. Sehemu kubwa ya umeme wetu inatokana na maji na gesi asilia, na mtambo wa gesi hupoteza karibu nusu ya joto lake, au zaidi, kabla waya haujapata kitu. Hewa ukaa inabaki angani kwa miaka na miaka, ikizuia joto la dunia lisitoke. Tunapoza chumba kwa kuchemsha uwanja.

Wagogo mbona waliishi hapahapa bila Luku? Nyumba yao ya tembe ina kuta za miti na udongo, na paa bapa lililofunikwa udongo mnene. Bati la geji 28 halifiki hata nusu milimita. Jua likilipiga, dakika chache tu joto liko kichwani kwako. Udongo mnene unalichelewesha kwa saa kadhaa. Joto la mchana linafika ndani usiku, wakati baridi ya uwanda wa juu inakuja na unalihitaji. Julai ya Dodoma si mchezo.

Niliingia kwenye tembe moja mchana wa jua kali. Bibi mwenye nyumba akanipokea kwa maji ya mtungi, nikanywa nikashtuka: baridi safi! Mtungi unavuja jasho, jasho likikauka linaondoka na joto. Dar, penye unyevu mwingi hewani, mtungi hauwezi kujidai hivyo. Dodoma hewa ni kavu, unafanya kazi kama umelipwa.

Ila tusidanganyane, tembe lina giza, linavuja mvua ikikaza, na mchwa hawana adabu. Ndiyo maana mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, Mwalimu Nyerere alipiga kambi Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji, watu wapate nyumba bora. Nia ilikuwa nzuri. Lakini matofali yakichomwa yanakula miti, na bati lisilo na dari linakula mwenye nyumba. Tofali la udongo lililoshindiliwa bila kuchomwa, dari, paa jeupe na mwarobaini upande wa magharibi vingetosha kuzima viyoyozi vingi. Vijana wanaojenga sasa hivi viwanjani wengi wao hawaulizi hata jua linazama upande gani.

Mshikaji wangu kamwomba baba mwenye nyumba aweke dari. Kajibiwa kwamba kodi itapanda kwanza. Wanaendelea kuvutana. Kwa sasa friji imefungwa, na pembeni yake kuna mtungi mpya.