Presha na Kisukari: Tusingoje Wagonjwa Wafike Wodini



Kwa miaka mingi, tulipozungumzia wagonjwa wa hospitali zetu za misheni, tulifikiria kwanza malaria, kuhara na homa ya mapafu. Magonjwa hayo bado yapo. Lakini ukipita leo katika wodi ya watu wazima, utamkuta aliyepooza upande mmoja, mwenye kidonda cha mguu kisichopona, na ambaye figo zake zimeanza kushindwa kazi. Mara nyingi chanzo ni presha ya kupanda au kisukari kilichokaa mwilini miaka mingi bila mwenyewe kujua.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa takriban watu 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na takriban 9 walikuwa na kisukari. Kwa hiyo haya si magonjwa ya matajiri wachache.

Vihatarishi ni nini?

Kihatarishi ni jambo linaloongeza uwezekano wa mtu kuugua. Si kila mwenye nacho ataugua, lakini vikikusanyika kwa mtu mmoja hatari huongezeka. Vipo tusivyoweza kuvibadili, kama umri mkubwa na kuzaliwa katika ukoo wenye ugonjwa huo. Vingine viko mikononi mwetu:

- Chumvi nyingi. Hupandisha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyopikiwa.
- Unene na kukaa bila kuushughulisha mwili. Hapo mwili huacha kuitikia vizuri insulini, na sukari hubaki kwenye damu. Inashauriwa kutembea haraka au kufanya kazi ya jasho angalau dakika 150 kwa wiki.
- Soda, chai yenye sukari nyingi na vyakula vya kukaanga kila siku. Huongeza uzito upesi.
- Pombe kupita kiasi. Hupandisha presha na kudhuru ini.
- Sigara na ugoro. Tumbaku huharibu mishipa ya damu na moyo.

Hatari ya ukimya

Presha haiumi. Mtu analima, anaimba kwaya, anahudhuria jumuiya, kumbe mishipa yake inaharibika. Njia ya kujua ni kupima. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, ni shinikizo la juu.

Kwa kuwa hakuna maumivu, wengi huacha dawa wakijisikia vizuri. Wengine, ndugu yao akipatwa na kiharusi, hudhani amerogwa, na siku za thamani hupotea kwa waganga. Wapo pia wanaoacha vidonge baada ya kuombewa. Hapa mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya wana neno la kusema: sala na dawa havipingani. Mgonjwa aombewe, na aendelee kumeza dawa zake mpaka daktari aseme vinginevyo.

Tulikwisha kujifunza

Huduma ya dawa za kupunguza makali ya VVU ilipoanza nchini mwaka 2004, wengi walidhani wanakijiji hawataweza kumeza dawa maisha yao yote. Wameweza, kwa sababu walikuwa na kadi, tarehe ya kurudi, dawa zilizopatikana na jirani wa kuwakumbusha. Mgonjwa wa presha na wa kisukari wanahitaji mambo hayohayo.

Tunachoomba

Kwa kamati za parokia: tengeni Jumapili moja kila mwezi ya kupima presha baada ya Misa, mkishirikiana na muuguzi wa zahanati iliyo karibu. Anayekutwa na kipimo cha juu apewe barua ya kwenda kituoni, na jumuiya yake, kwa idhini yake, ifuatilie kama alikwenda. Katika sherehe za parokia, maji na matunda yawepo mezani pamoja na soda.

Kwa wafadhili: mashine ya kupimia hununuliwa mara moja, lakini vidonge na vipimo vya sukari huhitajika mwezi baada ya mwezi. Mchango mdogo usiokatika unamsaidia mgonjwa kuliko mkubwa wa mara moja. Mama anayepata dawa zake kila mwezi anaendelea kulima na kusomesha watoto. Akipooza, binti yake ndiye huacha shule ili amuuguze.