Kifo Ajapo na Gari la Farasi

Wako wasomaji ambao, wakutapo shairi la kifo, huliruka na kwenda ukurasa wa michezo. Hatuwalaumu. Lakini liko moja lifaalo kusomwa taratibu, nalo alilitunga Bibi Emily Dickinson wa Amherst, Massachusetts, yapata mwaka 1863, wakati Wamarekani walipokuwa wakiuana katika vita vyao wenyewe. Mwezi Machi 1862 kijana wa mji huohuo, Frazar Stearns, aliuawa vitani huko New Bern. Kifo hakikuwa habari ya mbali.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanamke ana shughuli zake, hana wasaa wa kumngojea Kifo. Basi Kifo, kama muungwana, asimamisha gari la farasi, ampakia. Ndani yumo abiria wa tatu, Maisha ya Milele. Kwa kuheshimu adabu ya mwenyeji wake, mwanamke aweka kando kazi yake, na mapumziko yake pia. Wapita shule, watoto wacheza. Wapita mashamba ya nafaka. Walipita jua likichwa. Hapo ajisahihisha: jua ndilo lililowapita wao. Umande waleta baridi, na nguo zake ni nyembamba mno. Gari latua penye nyumba ambayo paa lake laonekana kwa shida juu ya ardhi.

Wengi hulisoma shairi hili kuwa ni la faraja. Kwa kiasi fulani lawama si yao. Bibi Dickinson alifariki mwaka 1886. Mashairi yake yalipotolewa mwaka 1890, wahariri wake, Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, waliuondoa ubeti wa nne, ndio huo wa jua na baridi. Kitabu cha Thomas H. Johnson cha mwaka 1955 ndicho kilichourudisha. Muda wa miaka 65, basi, watu wengi walimsoma Kifo aliyefutwa baridi yake!

Urudishe ubeti huo, na adabu ya muungwana yaanza kutia shaka. Ni mwenyeji gani amtoaye mtu kwake bila hata shuka ya kujifunika? Tena mwishoni mwanamke asema kwamba alikisia tu, kwa kuvitazama vichwa vya farasi, kuwa safari yaelekea milele. Akisiaye hakuambiwa.

Mwenye kutaka kulifasiri kwa Kiswahili atakwama katika neno la kwanza. Sarufi yetu yataka tuseme kifo kimesimama, kama kiti au kisu. Sisi twaona hapana budi kuivunja na kuandika Kifo alisimama, ijapokuwa masikio yatakataa mwanzoni. Maana ukimwachia ile ki-, hapana mtu garini wa kuulizwa twaenda wapi.